Breka inayojikata haitibiwi kwa kuweka kubwa zaidi

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu miaka na miaka: breka (swichi inayokata umeme yenyewe unapozidi) ikijikata kila mara, nunua ya ampea kubwa zaidi, badilisha mwenyewe, fundi wa nini? Ushauri huo si sahihi, na unaweza kuunguza nyumba.

Breka hulinda waya uliomo ukutani, si pasi wala birika. Waya wa taa wa milimita za mraba 1.5 kwa kawaida huwekewa breka ya ampea 6 au 10. Ukifunga ya 32, waya unaweza kuchemka hadi plastiki yake iyeyuke ndani ya bomba, na breka isishtuke. Watu huuamini ujumbe kwa sababu usumbufu kweli huisha.

Kagua hivi: soma namba kwenye breka (B10 ni ampea 10, C20 ni ampea 20), kisha gawanya jumla ya wati za vifaa kwa 230, yaani volti za umeme wa nyumbani. Jibu ni ampea; likizidi namba ya breka, mzigo umezidi. Hita ya kuogea ya wati 5,000 huvuta karibu ampea 22. Chomoa vyote, ikijikata bado, huenda kuna shoti au breka yenyewe imechoka. Hapo muite fundi mwenye leseni apime insulesheni (plastiki inayofunika waya) kwa volti 500: ukinzani wake usipungue megaomu 1. Ujumbe ule ukikufikia tena, usiusambaze.