Kujichagulia: Neno Moja la Kiswahili katika Harakati za Wamarekani Weusi

Kila ninapofundisha mnyambuliko wa vitenzi, huandika ubaoni neno kujichagulia. Msemaji wa Mombasa au Dar es Salaam hulielewa papo hapo, ingawa halitumii kila siku. Wamarekani Weusi wengi, hata wasiojua Kiswahili, wamelihifadhi tangu utotoni.

Ni nguzo ya pili kati ya Nguzo Saba za Kwanzaa, sikukuu iliyoanzishwa mwaka 1966 na mwanaharakati Maulana Karenga huko Los Angeles, mwaka mmoja baada ya machafuko ya mtaa wa Watts. Kuanzia tarehe 26 Desemba hadi Januari 1, washerehekeaji huulizana “Habari gani?”, na jibu huwa nguzo ya siku hiyo: Umoja, kesho yake Kujichagulia, hadi siku ya Imani.

Tazama jinsi neno lilivyoundwa. Anayejichagua hujiteua yeye mwenyewe, basi. Anayejichagulia huteua kitu kwa ajili yake, kwa sababu kiambishi -ji- kimekutana na kauli ya kutendea. Kwa watu ambao mababu zao walichaguliwa na bwana jina, kazi na hata mahali pa kulala, silabi hizo chache zina uzito mkubwa sana, nami sijaona lugha nyingine inayoubeba uzito huo ndani ya neno moja kwa wepesi kama huu.

Wapo waliopinga uteuzi wa Kiswahili tangu mwanzo, wakisema kwamba wengi wa mababu hao walitoka Afrika Magharibi na ya Kati, na kwamba Kiswahili kilisemwa pia na wafanyabiashara wa watumwa wa pwani. Hoja zote mbili ni za kweli, lakini hazinitoshi. Mtu aliyenyang'anywa lugha hakuwa na njia ya kujua kama bibi yake alisema Kiyoruba, Kiakani au Kikongo, na kushika mojawapo kungewaacha wengine nje. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuvuka mipaka ya makabila, na ujamaa, ambayo ni nguzo ya nne, Nyerere alikuwa ameshaueleza kwa maandishi mwaka 1962.

Juni 1974 Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika lilifanyika Dar es Salaam, katika Ukumbi wa Nkrumah pale Chuo Kikuu, likiwa la kwanza katika mfululizo huo kukutana barani Afrika. Wajumbe waliotoka Marekani walifika katika nchi ambayo lugha waliyojichagulia ilikuwa ikisemwa bungeni, katika mahakama za mwanzo na sokoni.