Je, wajua kwa nini wazo zuri huchelewa kuja?

Chukua ndoo ya plastiki ya lita 20, iweke mbele yako, uandike kila kazi inayoweza kufanya. Utaanza kwa kasi: kuchotea maji, kufulia, kuogea, kubebea nyanya. Dakika moja haijaisha, kalamu inaanza kusuasua. Utaongeza kupandia mchicha, utakumbuka kwamba ukiipindua ni kiti, kisha utakwama. Ukijilazimisha uendelee, hapo ndipo yanapoibuka ya ajabu kidogo: ngoma ya watoto, au kalibu ya kumwagia zege la kusimamishia nguzo ya mwavuli wa kibanda cha wakala wa pesa.

Zoezi hili lina historia. Mwanasaikolojia J. P. Guilford wa Marekani, ambaye mwaka 1950 aliwahimiza wenzake waanze kuuchunguza ubunifu kwa dhati, ndiye aliyelipa umaarufu, ila kitu kilichozoeleka zaidi kwenye majaribio ya aina hii ni tofali. Mwaka 1957 yeye na wenzake walieleza kwamba kadiri muda unavyokwenda, mtu hutoa majibu machache zaidi, lakini yale yanayokuja ni ya nadra zaidi.

Sababu yake ni namna kumbukumbu inavyofanya kazi. Ukiuliza swali, ubongo huanza kutoa kilicho karibu na mlango wa stoo, yaani kile ulichokitumia au kukisikia mara nyingi. Na kwa kuwa stoo zetu zimejazwa na mji mmoja, shule zilezile na redio zilezile, kilicho karibu na mlango wako kipo pia karibu na mlango wa jirani. Tazama status za WhatsApp za wauza nguo: "Mzigo mpya umeingia. Bei poa. Karibuni sana." Hakuna aliyemwibia mwenzake. Wote wameishia kwenye jibu la kwanza.

Tatizo ni kwamba tunakata tamaa mapema. Mwaka 2020 watafiti Brian Lucas na Loran Nordgren walionyesha kuwa watu hudhani ubunifu wao unapungua kadiri wanavyoendelea kufikiri, ilhali ubora wa mawazo yao hubaki palepale au hata hupanda. Ule ugumu unaousikia kichwani tunauchukua kama dalili ya kuishiwa. Kwa hiyo zoezi la kwanza ni jepesi kulieleza na linachosha kulifanya: ukihitaji wazo moja, andika kumi, na usianze kuchagua kabla ya la kumi. Muuza nguo wetu huenda akafika la nane akakumbuka kwamba kuna mteja humuuliza kila siku kama kitenge kinachuja. Basi anakilowesha kwenye beseni la maji meupe, anapiga picha maji yakiwa bado meupe, anaiweka. Maneno hayahitajiki tena.

Njia nyingine ni kulifungia mlango jibu la kwanza kwa sheria. Washairi wetu wamelijua hili karne nyingi. Shairi la kawaida lina mizani 16 kwa mshororo, vipande viwili vya mizani 8, na kila kipande huishia kwa kina chake, yaani silabi inayojirudia. Ulitaka kusema "nimechoka", lakini ubeti umeshafungwa kwa kina cha "ni". Neno lako la kwanza limekataliwa. Unazunguka, unarudi, unaibuka na "nipo hoi taabani", mizani 8 kamili, na umesema zaidi ya ulivyokusudia.

Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia vibao vya mraba vya ujenzi na rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli. Ukiniuliza mimi, ule mng'ao na zile rangi kali tunazozitambua kwa mbali zimetokana na uhaba huo kama zilivyotokana na kipaji chake. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo wake ungali ukiendelea.

Kazini, sheria yako inaweza kuwa ndogo tu: leo tangazo bila "mpya", bila "bei poa", bila "karibuni". Mwalimu wa hesabu naye ajaribu kufundisha sehemu, yaani nusu na robo, bila kugusa chaki, kwa machungwa na kisu.

Halafu kuna vitu vyenyewe. Mjerumani Karl Duncker aliwapa watu mshumaa, kiberiti na kisanduku cha pini, akawataka waubandike mshumaa ukutani. Jibu ni kukibana kisanduku ukutani kwa pini kiwe kibao cha kuukalisha mshumaa. Kisanduku kikiwa kimejaa pini, wengi hawalioni jibu. Kikiwa kitupu, huliona kwa urahisi zaidi. Fundi aliyelitazama tairi chakavu akaona katambuga, au kopo la maziwa akaona koroboi, alikwisha kukitoa kitu katika kazi yake ya kwanza.

Miguu nayo husaidia. Mwaka 2014 Marily Oppezzo na Daniel Schwartz wa Chuo Kikuu cha Stanford walilinganisha watu waliokaa na waliotembea, wakakuta waliotembea wanatoa mawazo mapya zaidi kwa wastani wa asilimia 60 hivi. Si lazima uwe ufukweni, kwani hata waliotembea kwenye mashine ya mazoezi wakitazama ukuta mtupu walinufaika, na faida iliendelea kwa muda mfupi baada ya kuketi. Basi shuka daladala kituo kimoja kabla, simu mfukoni. Ila usiende na hesabu za duka, maana kwenye maswali yenye jibu moja tu sahihi, waliotembea walifanya vibaya kidogo kuliko waliokaa.