Je, Mtihani Unapima Kile Kozi Iliyoahidi?

Hati ya kozi husema mwanafunzi "ataweza kutetea mbinu ya uchambuzi aliyoichagua". Mtihani wa mwisho wa kozi hiyohiyo unaanza na "Taja sifa tano za sampuli nzuri". Kati ya hati hizo mbili mwanafunzi anaamini ya pili, na hakosei: ndiyo inayompa alama. Mtaalamu wa elimu John Biggs, aliyeandika mwaka 1996 kuhusu kuoanisha matokeo ya kujifunza (yale ambayo mwanafunzi anatarajiwa kuweza kuyafanya baada ya kozi), ufundishaji na upimaji, alitaka vyote vitatu vivute upande mmoja. Vikivutana, upimaji ndio unaoshinda.

Kujua kozi yako imesimama wapi ni kazi ya alasiri moja. Chukua mtihani uliopita pamoja na mwongozo wake wa usahihishaji, kisha gawa alama zote 100 kwa matokeo ya kozi. Hesabu alama, usihesabu maswali, maana kipengele cha alama 2 hakina uzito wa swali la alama 20. Tuseme kozi ya takwimu ina matokeo manne: kueleza dhana, kukokotoa, kufasiri majibu, na kutetea mbinu. Ukijumlisha ukapata 55, 30, 15 na 0, basi tokeo la nne ni pambo tu. Ama lipimwe, ama lifutwe.

Wengi wakifika hapa hukimbilia kubadili kitenzi: "Taja" inakuwa "Tathmini". Haisaidii. Ikiwa faida na hasara za sampuli nasibu zilishaorodheshwa kwenye slaidi za wiki ya tatu, anayeulizwa "azitathmini" atakariri slaidi. Kinachopandisha kiwango cha swali ni hali ambayo mwanafunzi hajawahi kuiona. Mpe vikundi viwili vya watu 12 kila kimoja, data zilizoegemea upande mmoja, thamani mbili zikiwa mbali mno na nyingine, kisha mwambie achague kati ya jaribio la t na la Mann-Whitney, yote mawili yakiwa ya kitakwimu ya kulinganisha vikundi viwili, na atetee uamuzi wake. Katika alama 15, toa 3 kwa kuchagua, 8 kwa hoja zilizojengwa juu ya data hizo, na 4 kwa kuonyesha kwa nini jaribio jingine halifai. Ukigeuza ukatoa 10 kwa kuchagua tu, anayebahatisha akapatia ana theluthi mbili za alama bila hoja hata moja.

Kwa hiyo mwongozo wa usahihishaji ukaguliwe kwa ukali kuliko swali lenyewe. Swali linaweza kudai uchambuzi huku mwongozo ukitoa "alama 2 kwa kila hoja iliyotajwa". Huo ni mtihani wa kuorodhesha.

Kuna mianya miwili ambayo mgawanyo huo wa alama hauionyeshi. Wa kwanza ni "jibu maswali matatu kati ya sita": tokeo lililo ndani ya swali moja tu linakwepeka kihalali. Wa pili ni wastani. Mwanafunzi anaweza kufidia sifuri ya stadi moja kwa alama nyingi za nyingine. Kwa stadi kama kukokotoa dozi ya dawa, kufidia huko ni hatari, na kanuni za kozi ziweke sharti la kufaulu kipengele hicho peke yake.

Matokeo yenyewe pia huwa na kasoro. "Kuelewa" na "kufahamu" havionekani; mtahini hawezi kuviwekea alama. "Kubuni na kutathmini" ni mambo mawili yaliyofungwa pamoja, na anayeweza moja tu hana pa kuwekwa. Matokeo manne hadi sita kwa kozi yanatosha. Yakifika kumi na mawili, hakuna muhula utakaoyapima yote kwa uzito unaostahili.

Kwa programu nzima, chora jedwali la kozi zote na uonyeshe kila tokeo linaanzishwa wapi, linafanyiwa mazoezi wapi, na linapimwa wapi. Stadi ya uandishi wa ripoti ndiyo huumbuka zaidi: kozi nyingi hudai kuihusisha, kisha inapimwa kwa mara ya kwanza kwenye mradi wa mwaka wa mwisho, bila mtu aliyewahi kuifundisha.

Anza ukaguzi huu mapema. Mabadiliko ya uzito wa kazi za muhula na mtihani kwa kawaida huhitaji idhini ya idara na vikao vya juu yake, na hayapaswi kuwafikia wanafunzi katikati ya muhula.