Hardwick Hall sio ngome, na Malkia Mary hakufungwa mle

Watu wakiona picha ya Hardwick Hall, lile jumba la Derbyshire kule Uingereza, utasikia "ngome hiyo". Ngome gani ina madirisha yote yale jamani, si adui anamaliza kazi kwa mawe tu? Minara sita ipo ila ya kujionyesha, angalia juu kabisa utaona herufi ES kubwa za mawe, yaani Elizabeth Shrewsbury, ndo huyo Bess (kifupi cha Elizabeth) wa Hardwick mwenye nyumba, kajiandika juu ya paa asomeke toka mbali.

Halafu eti Malkia Mary wa Scotland alifungwa humo. Hapa hesabu tu inakataa, Mary kakatwa kichwa 1587, ujenzi umeanza 1590. Kinachochanganya watu ni kwamba mume wa Bess, Earl (cheo cha mwinyi mkubwa) wa Shrewsbury, ndo alipewa na Malkia Elizabeth wa Uingereza kazi ya kumlinda Mary asitoroke kwa miaka kama 15 hivi, lakini kwenye majumba mengine, na kile chumba cha Hardwick kinachoitwa cha Mary ni jina tu.

Madirisha ya uongo nayo yanasingiziwa kodi, eti yalizibwa ili mwenye nyumba alipe kidogo. Kodi ya madirisha ilikuja 1696 ikafutwa 1851, na kweli ilifanya wengi wazibe madirisha yao, ila Hardwick ilikamilika 1597! Pale yapo ambayo ukiyaona nje ni kioo, nyuma yake ukuta, toka siku ya kwanza, kwa sababu Robert Smythson aliyechora ramani alitaka kushoto na kulia vifanane.

Tena usidhani vyumba vya heshima viko chini. Madirisha yanazidi kurefuka kadiri unavyopanda, mgeni wa maana alipandishwa ngazi ndefu za mawe mpaka ghorofa ya juu, kwenye ukumbi mrefu wa mita kama 50.

Na yale mapazia mazito ya kufumwa ukutani sio urembo peke yake, nyumba ya vioo ina baridi hiyo acha tu. Yale 13 ya hadithi ya Gideon wa kwenye Biblia, Bess aliyanunua 1592, yalikuwa ya marehemu Christopher Hatton, mkubwa wa serikali ya Malkia Elizabeth, na yana nembo ya Hatton, basi mama akadai apunguziwe pauni 5 za kubadilisha nembo, akapunguziwa, halafu akabandika tu vitambaa vilivyochorwa nembo yake juu ya ile ya Hatton.