Maji ya bamvua si tsunami, na kutendwa si wakati uliopita

Jioni hufundisha Kiingereza watu wazima huku Likoni, na kila masika yanapoingia huleta darasani msamiati wa majanga. Kwenye janga, kauli ya kutendwa huja yenyewe, kwa kuwa msikilizaji anataka kwanza kujua nani kapatwa na nini. Makosa yanayorudi ni yale yale, na mengi yanatokana na dhana hizi.

Dhana: "tidal wave" na "tsunami" ni kitu kimoja.
Mtu wa Mombasa hafai kudanganyika hapa. Tunajua maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Hiyo ndiyo "tide", kazi ya mwezi na jua. Tsunami, neno la Kijapani lenye maana ya wimbi la bandarini, haihusiani na mwezi. Ile ya 26 Desemba 2004 ilitokana na tetemeko chini ya bahari karibu na Sumatra. Somalia ilipoteza watu karibu 300. Kenya, ambako watu waliondolewa kwenye fukwe nyingi kabla ya mawimbi kufika, alikufa mmoja. Andika: "The beaches were cleared before the waves arrived." Polisi waliofanya kazi hiyo hawakutajwa, na sentensi haina pengo. Wanaodhani lazima "by" iwepo mwishoni waisome tena.

Dhana: "cyclone", "hurricane" na "typhoon" ni dhoruba tatu tofauti.
Ni kimbunga kile kile. Jina hufuata bahari. Kwetu Bahari ya Hindi ni "cyclone".

Dhana: kauli ya kutendwa ni wakati uliopita.
Hii hutoka kwenye kukariri "was destroyed" peke yake. Sikiliza Kiswahili chako: walihamishwa, wanahamishwa, watahamishwa. Ile "w" imetulia mahali pake, kinachobadilika ni li, na, ta. Kiingereza nacho ni hivyo: "were moved", "are being moved", "will be moved". Wakati unabebwa na "be", "moved" haiguswi.

Dhana: Kiswahili kikisema jambo limempata mtu, Kiingereza kitataka "was".
Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi zaidi. Mwanafunzi mmoja, mama mtu mzima, aliandika kuhusu mvua za El Niño za 1997: "Our wall was fallen." Alikuwa akifikiria ukuta ulioonewa na maji, na nilimwelewa kabisa. Lakini Kiswahili chenyewe hakikusema ukuta "uliangushwa", kilisema "ulianguka". Basi ni "Our wall fell." Vivyo hivyo "collapse", "happen", "disappear" na "die": hazina wa kutendwa. Jaribu kuzigeuza. "The storm uprooted the mango tree" inakubali, kwa hiyo "The mango tree was uprooted" ni sawa. "The flood happened the house" haisemeki, basi hakuna "was happened".

Kinachowatatiza zaidi ni "tulifiwa". Kufa kwetu kuna kauli ya kutendwa, "die" haina, utasema "We lost our father." Ila "tulinyeshewa" inapatikana: "We were rained on." Hiyo "on" usiiangushe, ndiyo inayofanya kazi ya "e" ya kunyeshea.

Dhana: "na" ni "by" daima.
"The road was covered with mud." Matope hayakutenda, yametandaa tu.

Dhana: "casualties" ni maiti.
Majeruhi wamo pia. Ukiandika ripoti ya mafuriko kazini kwamba "there were twelve casualties", kuna familia itakayoanza kulia kwa mtu aliyeko wodini akitibiwa mguu. Kama ni waliofariki, andika "deaths".