Je, wajua kwa nini mashine ya maabara hukosea jina la bakteria adimu?

Mgonjwa mahututi jijini Nairobi ana homa isiyoshuka. Damu imeoteshwa, mashine imetaja bakteria, dawa imeanzwa, na homa iko palepale. Hapo jina lenyewe litiliwe shaka.

Mashine ya MALDI-TOF hupiga bakteria kwa leza, ikapima uzito wa protini zake na kuulinganisha na orodha iliyowekewa. Asiyekuwemo kwenye orodha huweza kupewa jina la jamaa yake wa karibu. Mfano ni bakteria Elizabethkingia anophelis: ilielezwa mwaka 2011, ikiwa imetoka tumboni mwa mbu Anopheles gambiae, yuleyule aenezaye malaria. Orodha za zamani ziliiita E. meningoseptica, jina la ndugu yake.

Macho ya mtaalamu hutangulia mashine. Chukua damu mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa, kutoka mikono miwili tofauti, ngozi ikiwa imesafishwa na kukauka kabisa. Chupa hukaa kwenye nyuzi 35 hadi siku 5. Bakteria wenye umbo la vijiti, wa rangi ya waridi chini ya hadubini baada ya kutiwa rangi, wakiota vizuri kwenye agari ya damu (chakula cha kuoteshea chenye damu) huku sahani ya MacConkey, chakula kinachochagua bakteria, ikibaki tupu, ni ishara ya kusimama na kufikiri. Fanya kipimo cha oksidesi (kimeng'enya cha bakteria), kisha cha indoli (kemikali anayoitengeneza). Vyote vikiwa chanya, ifikirie Elizabethkingia. Indoli yake huwa dhaifu: kipimo cha haraka chaweza kusema hapana, kwa hiyo rudia kwa kemikali ya kupimia ya Ehrlich, ukitumia zailini (kimiminika cha kuikusanya indoli). Jibu la mwisho hutoka kwa kusoma jenomu nzima (DNA yote ya bakteria), maana jeni moja ya 16S inayotumiwa kutambua bakteria, yenye herufi za DNA kama 1,500, haitenganishi vizuri ndugu hawa wawili.

Jina lina uzito kwa sababu bakteria huyu amezaliwa na vimeng'enya vinavyovunja antibiotiki ya meropenemu, na ile ya kolistini haimwezi pia. Yaani dawa tunazokimbilia mambo yakiwa mabaya ndizo anazozishinda. Antibiotiki za minosaiklini na levofloksasini huweza kufaa, ila pima kwanza kama zinamuua.

Akionekana katika chupa moja tu, huenda ni uchafu wa sampuli. Akionekana kwa wagonjwa wawili wa wodi moja, chunguza maji kama chanzo. Kwa mgao wa maji wa Nairobi, hospitali nyingi hutegemea tangi; maji yakikaa, klorini hupungua na utando wa bakteria hujijenga mabombani. Chukua sampuli kwa kupangusa ndani ya mdomo wa bomba na shimo la sinki, si juu juu. Na dripu ya glukosi iliyobaki isimwagwe kwenye sinki ya kunawia, kwani sukari hiyo huulisha utando.