Kuomba radhi hadharani pale utani unapogusa maradhi ya mtu

Kuomba radhi hadharani ni kukiri kosa mbele ya watu walewale walioshuhudia kosa, ili aliyekosewa arudishiwe heshima aliyovuliwa mbele yao. Uzito wa maelezo hayo uko kwenye "watu walewale". Mzaha uliotolewa kwa maiki ukumbini Sinza mbele ya wageni mia tatu haumalizwi kwa ujumbe wa simu usiku wa manane. Mzaha wa kijiweni, mbele ya wanywa kahawa saba, nao haudai video ya Instagram. Hadhara ya radhi ikiwa ndogo kuliko ya kosa, waliocheka hubaki na kicheko chao. Ikiwa kubwa kuliko ya kosa, habari za mgonjwa huwafikia watu ambao hawakuwa nazo kabisa.

Kiswahili kina maneno kadhaa hapa, na mtaani huchanganywa. "Samahani" ni ya kumkanyaga mtu kwenye daladala. "Msamaha" ni kuachiliwa kosa, kama mdaiwa anavyoachiliwa deni. "Radhi" inaingia ndani zaidi: ni neno lenye asili ya Kiarabu, ndugu wa kuridhika na ridhaa, ndiyo maana tunasema radhi ya wazazi. Anayeomba radhi anaomba moyo wa mwenzake utulie juu yake, jambo ambalo mwenye moyo huo hawezi kulazimishwa. Kisha kuna "pole", na hapo ndipo wengi wanapojificha. Pole hutolewa na mtu yeyote kwa lolote lililompata mwingine, liwe msiba, mafua au foleni ya Ubungo. Haina mkosaji ndani yake. Ukisikia "nampa pole ndugu yetu kwa maumivu aliyoyapata" kutoka kwa aliyesababisha maumivu hayo, ujue radhi bado haijaombwa.

Utetezi wa kwanza huwa ni utani. "Jamani, si tulikuwa tunataniana?" Lakini utani kwetu una kanuni zake. Mzaramo na Mnyamwezi, Mpare na Mchaga, Mhehe na Mngoni wanaweza kusemana hata msibani, na mtani akazuia jeneza mpaka apewe chochote, kwa sababu kila upande unajua mwaka kesho zamu ni yake. Utani unasimama juu ya kurudishiana. Mgeni aliyekaa meza ya nyuma akichekwa na mshereheshaji kwa namna anavyotembea hana maiki ya kurudisha. Isitoshe, watani husemana kwa ukabila wao, na ukabila ni wa wote. Ugonjwa ni wa mtu mmoja, na pengine hata mkewe hajaambiwa. Bila kurudishiana, kilichobaki ni dhihaka.

Tena si maradhi yote yanayochekwa sawasawa. Jijini Dar es Salaam mzaha huangukia zaidi yale yenye aibu ndani yake: busha, kifafa, VVU, fistula, magonjwa ya akili. VVU ina msamiati mzima wa kijiweni. Kusema fulani "amekanyaga miwaya" kunachekesha kwa sekunde tatu na kunaweza kumfukuzisha mtu kwenye chumba alichopanga. Busha nalo lina hadithi yake ya pwani, kwamba linaletwa na madafu. Si kweli. Mabusha mengi ya pwani yanatokana na minyoo ya matende inayoenezwa na mbu, na mbu anayehusika zaidi mjini ni yule anayezaliana kwenye maji machafu na vyoo vya shimo. Hutibika kwa upasuaji. Kwa hiyo MC anayemwambia mzee "punguza madafu" amefanya mawili kwa mpigo: amemdhalilisha mzee, na amewafundisha wageni uongo. Radhi yake lazima ishughulikie yote mawili.

Sasa lugha, maana radhi nyingi hufia hapo. Kiswahili kina vitenzi vinavyomficha mtenda kwa ustadi mkubwa. "Maneno yalinitoka": maneno ndiyo yaliyotenda, msemaji alikuwa mlango tu. "Ulimi uliteleza." "Ilitokea." "Kauli yangu imepokelewa tofauti." Mfalme wao ni "kama kuna yeyote aliyekwazika, naomba radhi". Angalia sentensi hiyo inavyofanya kazi: "kama" inatilia shaka kuwepo kwa kosa, "yeyote" inamfuta aliyekosewa, na "aliyekwazika" inasema yeye ndiye aliyejikwaa. Kipimo chepesi ni kusaka kiambishi cha "mimi", yaani "ni-" au "na-", kwenye maandishi yako. Kikiwa kimekaa kwenye nasikitika, naumia na naomba peke yake, hujakiri kitu. Lazima kikae juu ya kitendo chenyewe: nilimcheka, niliigiza, nilisambaza.

Mwaka 2016 Roy Lewicki wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha watu 755, wakipima vipengele sita vya kuomba radhi: kueleza majuto, kueleza kilichoharibika, kukubali kuwa kosa ni lako, kutubu, kuahidi kurekebisha na kuomba kusamehewa. Kukubali kosa kulishika nafasi ya kwanza, kurekebisha kukafuata. Kuomba kusamehewa kulikuwa cha mwisho. Linatuhusu hilo, kwa sababu sisi tendo lote tumelipa jina la kuomba, na wengi wakishaomba huona kazi imekwisha.

Namna ya kulifanya inaanza kabla ya neno lolote la hadharani. Andika kwanza, kwenye karatasi, ulichosema neno kwa neno. Baada ya siku mbili kumbukumbu itakuwa imekilainisha. Halafu zuia kisienee. WhatsApp inaruhusu kumfutia kila mtu ujumbe wako ndani ya siku mbili na saa kumi na mbili hivi tangu kuutuma; admini wa grupu naye anaweza kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote. Kufuta hakuondoi nakala zilizokwisha kusambazwa, na huacha alama kwamba kuna kitu kimefutwa, basi usifute ukanyamaza. Ukinyamaza, wanaouliza "nini kimefutwa?" watatumiwa nakala na mwingine.

Kisha nenda kwa mwenyewe, siku hiyohiyo au kesho yake. Kwenda kwa miguu ni bora kuliko kupiga, kupiga ni bora kuliko kuandika. Akiwa amekuzidi umri, tafuta mtu mzima anayeheshimika pande zote atangulie, kama inavyofanyika kwa posa au kwa ugomvi wa ukoo. Akiwa amelazwa, usimfuate wodini. Ongea na nduguye. Usiende na mfuko wa sukari, na kamera ndiyo iachwe kabisa. Kumpelekea mgonjwa unga huku mpiga picha amesimama mlangoni ni kumtumia mara ya pili.

Ukishakiri mbele yake, muulize mambo matatu: je, anataka jambo hili lisemwe hadharani? Jina lake litajwe? Ugonjwa utajwe? Maswali haya ndiyo yanayoitofautisha radhi ya namna hii na nyingine zote. Aliyemtukana mtu anaweza kurudia tusi anapoomba radhi bila madhara makubwa. Aliyecheka maradhi, akitaja jina na ugonjwa ili aonekane mkweli, ameyatangaza upya, safari hii kwa sauti ya huruma. Usipopata jibu, shika hapana kwa jina na ugonjwa, na ulichosema kieleze kama "hali yake ya kiafya". Tofauti ipo pale ugonjwa wenyewe ulipotajwa kwenye mzaha na watu wote wakausikia, bila mtu kunyooshewa kidole. Hapo utaje, kwa sababu wapo wengine wenye hali hiyo waliokuwa wamekaa kimya ukumbini.

Mwaka 2009, Barack Obama alipofananisha uchezaji wake mbovu wa bowling na Special Olympics, michezo ya watu wenye ulemavu wa akili, katika kipindi cha televisheni cha Jay Leno, alimpigia simu Tim Shriver, mwenyekiti wa michezo hiyo, akiwa ndani ya ndege, kabla kipindi hakijarushwa. Mzaha ule ulihusu ulemavu wa akili, lakini mpangilio ni uleule: aliyeumizwa, au anayemsemea, asikie kwanza kutoka kwako.

Maandishi ya hadharani yasizidi maneno tisini, yasomeke chini ya dakika moja. Mfano, pale mwenyewe alipokubali ugonjwa utajwe lakini si jina lake:

"Jumamosi iliyopita, nikiwa mshereheshaji, nilimcheka mgeni mmoja kwa hali yake ya kiafya ili ukumbi ucheke. Hakunichokoza. Kosa ni langu. Nimekwisha kwenda kwake na kumwomba radhi. Nilisema pia kwamba madafu huleta busha. Si kweli, chanzo kikubwa ni minyoo inayoenezwa na mbu. Mwenye kipande hicho cha video naomba akifute, asikitume kwa mtu. Kuanzia sasa siugusi mwili wala afya ya mgeni ninaposhika maiki."

Hakuna machozi humo, wala "mimi pia ni binadamu", wala "aliyekamilika ni Mungu peke yake". Kweli ni kweli, ila haikuulizwa. Hakuna pia "na yeye amenisamehe": hilo ni lake kulisema, akitaka. Na kama ulicheka kwa Kiswahili, omba kwa Kiswahili. Watu maarufu wanaodhihaki kwa lugha ya mtaani na kutubu kwa Kiingereza hawajui wanaongea na nani.

Pa kuyaweka panategemea. Kosa la redioni lirudi kwenye kipindi kilekile, saa ileile. La grupu libaki grupu. Status haifai, hufutika baada ya saa 24 na huonwa na waliohifadhi namba yako tu, ilhali mzaha ulikwenda kwingine. Wageni wa harusi hawakusanyiki tena, lakini kamati ina grupu lake la michango, na huwa halijavunjwa wiki ya kwanza. Mwenyekiti wa kamati akikubali, hapo ndipo mahali pake.

Upande wa sheria usisahauliwe, hasa kama mzaha ulipita mtandaoni. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza mawasiliano ya kielektroniki yenye nia ya kumsumbua mtu au kumsababishia maumivu ya moyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya hali ya mtu na kukataza unyanyapaa. Kama malalamiko yamekwisha kufika polisi, onana na wakili kabla ya kuandika cha hadharani.

Baada ya kuweka maandishi yako, maswali yatakuja: "Kwani alikuwa anaumwa nini?" "Ni yule wa meza ya nyuma?" Usijibu hata kwa utani, hata kwa emoji, hata faraghani. Wengine watakutetea kwa kumsema yeye, kwamba amejifanya mwepesi wa kuumia. Hao wajibu mara moja tu, kwamba kosa ni lako. Na kipande cha video kikirudi miezi sita baadaye, kama kawaida yake, rudisha maandishi yaleyale ya kwanza bila kuongeza neno.